Mamdogo na vidole vyake

Jamani, nipo. Najua nimepotea hapa kijiweni kwa wiki nyingi, na wapo waliodhani nimewafuata waheshimiwa Dodoma. Sijahama. Niko hapa hapa Tabata Kimanga, kwenye kibanda cha uani kwa mamdogo, maji yanakuja yanapotaka na jogoo wa jirani bado hajui saa.

Ukweli ni kwamba nilikuwa silali. Na mtu asiyelala haandiki, anakodolea macho tu. Leo nimeona niseme, pamoja na kitu kilichonifanya nianze kupata usingizi tena, ambacho mkikisikia mtacheka. Chekeni tu. Mimi nilicheka kabla yenu.

Mnakumbuka Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, lile ghorofa la Kariakoo lilipoanguka asubuhi. Nilikuwa miongoni mwa waandishi waliotumwa pale. Nilikwenda siku ile, nikarudi kesho yake, na keshokutwa. Wapo watu waliokuwa wamefukiwa chini wakiwa hai, wanaongea na ndugu zao kwa simu mpaka chaji inaisha. Waliokufa walizidi 20. Haya yote yaliandikwa, na mimi niliandika sehemu yangu, mhariri akanipongeza.

Kitu ambacho sikuandika ni kimya. Kila mara waokoaji walipotaka kusikiliza kama kuna sauti chini, mashine zilizimwa na watu wakaambiwa wanyamaze. Kariakoo kimya! Wewe uliyezaliwa Dar fikiria Kariakoo bila honda, bila mwenye kipaza sauti wa kandambili, bila "pita mama, pita kaka". Watu mamia wamesimama wanasikiliza kifusi. Mara nyingine inatoka sauti. Mara nyingine haitoki kitu, na mashine zinawashwa tena.

Basi kimya kile kilinifuata nyumbani. Umeme ukikatika usiku, feni ikizima, mimi naamka nimeketi, jasho, moyo unapiga kama nimekimbizwa, nasikiliza. Nasikiliza nini? Sijui. Na ninyi mnajua umeme wetu. Nikaanza kuogopa kulala kwa sababu ya feni, mtu mzima na digrii yangu. Sikumwambia mtu. Mwandishi wa habari unamwambia nani? Kwamba umekwenda kutazama misiba ya wenzio na sasa wewe ndiye unayetaka pole?

Usiku mmoja feni ikazima, nikatoka nje. Uani nikamkuta mamdogo amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, suruali ya kombati bado kaivaa, kanga begani, anajigonga usoni kwa vidole viwili. Juu ya jicho, pembeni ya jicho, chini ya jicho, chini ya pua. Nikajua anaua mbu.

"Shikamoo mamdogo."

"Marahaba. Mbona hujalala?"

"Feni imezima."

Akanitazama, vidole bado viko kidevuni. "Feni imezima, au wewe ndiye uliyezima?"

Niwaeleze kwanza mamdogo ni nani. Ni mdogo wake mama, ni askari polisi, sajini, na kwa miaka kadhaa sasa yuko dawati la jinsia na watoto, kituo ambacho sitakitaja. Kazi yake ni kusikiliza. Mama anakuja na mtoto, mtoto haongei, mamdogo anampa biskuti na kusubiri. Anaandika maelezo, anatoa fomu ya PF3, anampeleka hospitali, anarudi, anamkuta mwingine kwenye benchi. Jioni anapanda daladala la Segerea kama mtu yeyote, anashuka, ananunua nyanya. Nimekaa naye tangu nilipoanza chuo na sikuwahi kumuuliza anayaweka wapi anayoyasikia. Nilidhani askari ana mahali pa kuyaweka, kama wanavyopewa buti.

Usiku ule akaniambia nivute ndoo nyingine.

Vidole vile alivitoa Darfur. Alikwenda huko kama mshauri wa polisi katika kile kikosi cha pamoja cha Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika, ambacho kazi yake iliisha Desemba 2020. Alikuwa huko tarehe 13 Julai 2013, siku msafara wa Watanzania uliposhambuliwa Darfur Kusini, askari wetu 7 wakauawa na wenzao 17 wakajeruhiwa, wakiwamo polisi wanawake. Yeye hakuwa kwenye msafara. Alikuwa amebaki. Anasema hilo la kubaki ndilo lililomsumbua zaidi ya yote, maana ukibaki una nafasi ya kutosha ya kujiona mwizi. Alikuwa hali, hasemi, anapiga pasi nguo ile ile mara tatu. Mnyarwanda mmoja, askari mwanamke mwenzake, akaja akakaa karibu naye, na kwa Kiswahili cha kwao akamwambia dada, hebu nikuonyeshe kitu tulichofundishwa nyumbani.

Hapa mwandishi ndani yangu akaamka. Kesho yake nikaanza kutafuta, na nimekuta mengi.

Asili yake ni Marekani. Mwanasaikolojia mmoja wa California, Roger Callahan, mwaka 1980 alikuwa na mgonjwa mwanamke anayeogopa maji kupita kiasi. Alikuwa amemhangaikia kwa muda mrefu. Siku moja akamwambia ajigonge chini ya macho, mahali ambapo Wachina katika tiba yao ya sindano wanasema ndipo unapopita mkondo wa tumbo, kwa kuwa mama huyo alisema hofu anaisikia tumboni. Callahan anasimulia kuwa hofu ilikwisha pale pale. Akaijenga mbinu yake na kuiita TFT. Kisha mwanafunzi wake Gary Craig, ambaye kwa elimu alikuwa mhandisi, katika miaka ya 1990 akairahisisha, sehemu zile zile kwa kila tatizo, akaiita EFT. Mhandisi bwana, akiona kitu kina njia ishirini atataka ibaki moja.

Ikafikaje Kigali? Mwaka 2006 timu ya Wamarekani ilikwenda kwenye kituo kimoja cha yatima wa mauaji ya kimbari ya 1994. Waliwafanyia kazi vijana 50 ambao miaka 12 baadaye bado walikuwa wanaota na kushtuka, na wakaandika kwamba wengi walipata nafuu kubwa na nafuu ikadumu. Baadaye wakawafundisha viongozi wa jamii wa Rwanda wenyewe, wakawatibu watu wazima manusura. Uganda pia, kule Kasese, watu wa kawaida wa jamii walifundishwa kwa muda mfupi wakawagonga wenzao, utafiti wake ukachapishwa 2016. Kwa hiyo mamdogo hakuokota kitu barabarani. Kilipita mikono ya watu waliofiwa kweli kweli kabla ya kumfikia.

Lakini nisiwadanganye. Upande wa pili nao upo. Ile habari ya mikondo ya nguvu mwilini hakuna aliyeipima akaiona. Mwaka 2003 Wakanada wawili waliwagawa wanafunzi wanaoogopa vitu mbalimbali katika makundi. Kundi moja likajigonga sehemu sahihi, kundi la pili sehemu za uongo, la tatu wakapewa mwanasesere wamgonge yeye. Mwanasesere! Na wote wakapata nafuu, sawa na waliojigonga kwa kitabu. Ukitaka la kutetea lipo pia. Mwaka 2012 Wamarekani waliwapima watu 83 mate, na kwa waliogonga ile homoni ya msongo, kortisoli, ilishuka kwa wastani wa asilimia 24, zaidi ya walioongea tu au waliopumzika tu. Ila aliyeongoza utafiti huo ni mwalimu wa mbinu yenyewe, na mimi nimefundishwa kuuliza nani kalipa soda. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa 2013 kuhusu watu walioumizwa na matukio, halikuwaambia wagonjwe. Limetaja tiba za mazungumzo na mtaalamu, na ile ya kufuatisha macho.

Nikampelekea mamdogo habari ya mwanasesere, nikijua nimemkamata. Alikuwa anachambua mchicha. Akacheka mpaka akaweka kisu chini.

"Kwa hiyo hata mwanasesere anafaa?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Basi si afadhali? Mwanasesere hana cheo, hawezi kwenda kukusemea kwa mkuu wa kituo."

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Kwa sababu hapo ndipo penyewe. Mbinu ile si vidole peke yake. Kabla ya kuanza unasema tatizo kwa mdomo wako, unalipa namba kuanzia sifuri mpaka kumi, kisha ukigonga pembeni ya kiganja unasema sentensi ya aina hii: hata kama nina hili, najikubali. Mamdogo sentensi yake ameigeuza. Yeye husema, "Hata kama nimesikia alichofanyiwa mtoto yule, sasa hivi niko nyumbani." Halafu anazunguka: utosini, mwanzo wa unyusi, pembeni ya jicho, chini ya jicho, chini ya pua, kidevuni, penye mfupa wa mtulinga, chini ya kwapa. Anapumua. Anauliza tena namba ngapi. Kazini hawezi kugonga uso, kwa hiyo anagonga kiganja chini ya meza, au ndani ya daladala chini ya kanga. Kuna askari mwenzake alimwona akamwuliza kwa sauti ya chini mganga wake ni wa wapi.

Fikirieni ni wapi kwingine askari wa Tanzania anaweza kusema kwa mdomo wake "naogopa, nane kati ya kumi". Kwa nani? Mamdogo anasema hofu yao ni ile ile: ukisema kichwa hakiko sawa unanyang'anywa bunduki, unatazamwa kama wa kupelekwa Mirembe, na kozi ya kupanda cheo unaisikia kwa wenzio. Kwa hiyo hasemi mtu. Mwaka 2015, tarehe 12 Julai, kituo cha Stakishari hapo Ukonga kilivamiwa usiku, wakauawa askari wanne na raia, bunduki zikachukuliwa. Nilikuwa bado shule. Nakumbuka mama akimpigia mamdogo simu mara kwa mara, haipokelewi, na kumbe alikuwa amelala tu, simu iko kwenye chaji sebuleni. Agosti 2016 askari wanne wakauawa Mbande, wakiwa kwenye lindo la benki. Aprili 2017, Kibiti, wanane kwa mpigo. Agosti 2021 watatu pamoja na mlinzi mmoja, mchana kweupe, karibu na ubalozi wa Ufaransa. Nikamwuliza baada ya kila tukio mlifanya nini. Akasema tulizika. Gwaride, risasi za heshima, turubai, wali. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi mtu yuko lindoni.

Hasemi kwamba bunduki asinyang'anywe mtu. Anakumbuka habari ya Nairobi ya Desemba 2021, askari wa kituo cha Kabete aliyemuua mkewe, akatoka na bunduki akaua watu wengine mtaani, kisha akajiua. Anasema huyo kuna mtu aliyekuwa anakunywa naye chai kila siku.

Sasa nawasikia baadhi yenu. Nawasikia kabisa. "Kijana, umeanza lini kuwaonea huruma polisi? Umesahau virungu? Umesahau Mwangosi?"

Sijasahau. Nilikuwa mtoto Daudi Mwangosi alipouawa Nyololo, Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012, akiwa kazini na kamera yake, katikati ya askari. Aliyepatikana na hatia alihukumiwa miaka 15 mwaka 2016, kwa kuua bila kukusudia. Kwenye darasa letu la kwanza la uandishi mwalimu aliweka picha ile ukutani na hakusema neno kwa dakika nzima. Kwa hiyo mimi na mamdogo tuna mambo ambayo hatuyaleti mezani. Nikienda kwenye mkutano wa hadhara ananiambia "uvae kitambulisho kionekane", na mimi sisemi kwamba Mwangosi alikuwa anajulikana hata bila kitambulisho.

Lakini usiku ule wa ndoo mbili nikalileta. Nilikuwa nimechoka na giza linatia ujasiri. Nikamwuliza: hivi vidole vyako, vinamsafisha na askari aliyepiga mtu? Anagonga mara tatu, namba inashuka, analala vizuri?

Alinyamaza muda mrefu. Nikajua nimeharibu.

Kisha akasema kuna kitu hajamwambia mama yangu. Miaka michache iliyopita, siku ambayo alikuwa na mashauri matatu ya watoto tangu asubuhi, jioni akaja mama na binti yake mdogo. Jambo lilikuwa limetokea siku nyingi, mama kachelewa kulileta. Mamdogo akamwuliza, ulikuwa wapi? Mama akaanza kueleza. Mamdogo akamzaba kibao. Mbele ya mtoto. Mama yule alikuwa anaamka saa kumi usiku kukaanga vitumbua, ndiko alikokuwa.

"Sikumpiga kwa sababu ni mbaya," akasema. "Nilimpiga kwa sababu nilikuwa nimejaa, na yeye ndiye alikuwa karibu. Hao mnaowaandika nyie wamejaa hivyo hivyo. Usiandike kwamba nawatetea. Nimekwambia nilivyojaa mimi."

(Nimemwomba ruhusa ya kuandika hili. Alifikiri siku mbili. Akasema andika, usitaje kituo, na usiseme alikuwa amechoka tu, maana wote wanachoka.)

Baada ya wiki alimtafuta yule mama kwake kumwomba radhi. Alikwenda bila kombati. Mama akamsikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakumkaribisha ndani. Akasema nimesikia, akarudi kwenye karai lake. Ni hivyo tu. Hakuna vitumbua vya amani, hakuna kukumbatiana.

"Na hilo unaligonga?" nikauliza.

"Nalo."

"Namba ngapi?"

"Lilianza kumi. Sasa ni nne. Haliendi chini ya nne, na silisukumi." Akainuka, akaikung'uta kanga. "Ya Darfur imeshuka mpaka moja. Sikukosa kitu Darfur. Haya, sema lako, tumalize tukalale."

Nikasema langu. Nilianza na maelezo ya kiandishi, nani, wapi, lini, akanikata: "Mwanangu, sitaki taarifa, nataka namba." Nikasema tisa. Akaniambia nigonge kiganja na niseme ninachokiogopa. Ilinichukua muda mrefu kuliko nilivyotegemea kupata sentensi. Mwisho ikawa hii: hata kama nilisikiliza na sauti haikutoka, sasa niko Kimanga. Nilipofika chini ya jicho nikaanza kulia, kitu ambacho sikukifanya Kariakoo wala chumba cha habari. Mamdogo hakuniambia ninyamaze. Aliendelea kugonga wake pembeni, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu. Tulipomaliza ilikuwa sita.

Sijui ni vidole, au ni sentensi, au ni mtu kukaa nawe kwenye ndoo saa saba usiku. Mwanasesere anasema si lazima ziwe sehemu zile. Nimeenda hospitali pia, nimeonana na daktari, nina miadi nyingine mwezi ujao, na mwenye usiku kama wangu namwomba aende, asibaki na vidole peke yake. Naye mamdogo anawafundisha askari wawili wa dawati lake, wote wasichana wadogo, kwenye chumba cha majalada saa ya chai. Wameambiana kwamba akiingia mkubwa waseme kichwa kinauma.

Mimi sasa niko nne, mara nyingine tano. Usiku wa juzi umeme ulikatika nikaamka, nikagonga, nikamsikia jogoo yule mpumbavu, nikalala tena. Ni mara ya kwanza nimemshukuru.

Na hapa ninapoandika, feni imesimama. Kompyuta ina chaji asilimia 11. Mamdogo yuko zamu ya usiku, lakini ndoo yake ameiacha pale pale uani. Ngoja nitume hii kabla haijazima, nitoke nje.